Barua zilizompeleka Srinivasa Sastri Durban: kisa cha Wakala wa India nchini Afrika Kusini

Wiki hii tunaelekea Durban, mji wa bandari wa Afrika Kusini ulioko kwenye bahari ileile inayozipiga fukwe za Mombasa, Zanzibar na Kilwa. Tutazungumzia uteuzi wa mtu mmoja, uliofanyika mwaka 1927 baada ya miezi ya kuandikiana barua na kupelekeana simu za maandishi baina ya Delhi, London, Cape Town na Durban. Mtu huyo ni V. S. Srinivasa Sastri, na cheo alichopewa kiliitwa Wakala wa Serikali ya India nchini Afrika Kusini.

Yumkini baadhi yenu mtajiuliza, uteuzi wa afisa mmoja una uzito gani hata uzungumziwe karibu karne nzima baadaye? Uzito wake ni huu: watu zaidi ya 160,000, wengi wao wakiwa wakazi wa Natal, hawakuwa na mbunge wa kuwasemea, na serikali ya nchi waliyoishi ilikuwa imetangaza waziwazi kwamba ingependa waondoke. Kwa watu wa namna hiyo, ni nani anayeteuliwa kuzungumza na waziri kwa niaba yao lilikuwa jambo la nyumba, kazi na mahali pa kuzikwa.

Inafaa kuashiria hapa kwamba siasa za vyeo kwa njia ya barua zilikuwa jambo la kawaida duniani katika zama hizo, na pengine mfano mashuhuri kuliko yote ulitoka Marekani. Siku ileile ya Septemba 1901 alipoapishwa kuwa rais, Theodore Roosevelt alimwandikia barua Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha Tuskegee huko Alabama, akimtaka wakutane kuzungumzia uteuzi wa maafisa katika majimbo ya Kusini. Kuanzia hapo, Mmarekani mweusi ambaye hakuwa na cheo chochote serikalini alikuwa akiandika barua kutoka chuoni kwake, na mahakimu, wakusanya ushuru wa forodha na mabalozi wadogo wakateuliwa. Mshairi James Weldon Johnson alipelekwa Puerto Cabello nchini Venezuela mwaka 1906 kwa njia hiyo. Hata hivyo, wakati barua hizo zikiandikwa, Wamarekani weusi wa majimbo ya Kusini walikuwa wakiendelea kunyang'anywa haki ya kupiga kura. Vyeo vichache vilipatikana, kura zikapotea.

Sifa za Tuskegee zilifika mpaka Durban. John Langalibalele Dube, Mzulu kutoka Inanda, kaskazini ya mji huo, alisoma Marekani, akakitembelea chuo cha Washington, na aliporejea nyumbani akaanzisha shule ya Ohlange kwa kufuata mfano wake. Si mbali na Ohlange, Mohandas Gandhi alianzisha makaazi yake ya Phoenix mwaka 1904. Tutarudi kwa Dube baadaye, kwa sababu kisa cha Sastri hakikamiliki bila yeye.

Wahindi wa kwanza waliletwa Durban kwa meli iitwayo Truro mwezi Novemba 1860, kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Hadi mwaka 1911, vibarua wa mkataba waliokwishaingizwa Natal walifikia 152,184. Wengi walibaki baada ya mikataba yao kwisha, wakalima mboga, wakavua samaki, wakafanya kazi katika reli na manispaa; na pamoja nao walikuja wafanyabiashara waliojilipia nauli, wengi wao kutoka Gujarat. Biashara zao ndizo zilizowakera Wazungu wa Natal. Mwaka 1896 bunge la koloni liliwafungia Wahindi mlango wa kuandikishwa kupiga kura, na mwaka 1924 amri nyingine ikawafungia mlango huo hata katika chaguzi za manispaa. Gandhi aliongoza upinzani wa amani, akafikia mapatano na Jenerali Smuts mwaka 1914, kisha akarudi kwao. Mapatano hayo hayakudumu sana.

Mwaka 1925 D. F. Malan, Waziri wa Mambo ya Ndani katika serikali ya Jenerali Hertzog, aliwasilisha muswada ambao ungewatenga Wahindi katika maeneo yao maalumu ya makaazi na biashara. Alisema bila kificho kuwa Wahindi ni watu wa kigeni, na kwamba ufumbuzi pekee ni kupunguza idadi yao. Ujumbe wa Wahindi wa Afrika Kusini ukiongozwa na Dakta Abdurahman ulikwenda India kuomba msaada. Serikali ya India, ambayo wakati huo ilikuwa serikali ya Waingereza, ililazimika kusikiliza, kwani hasira za wananchi wa India kuhusu Natal zilikuwa zimepanda mno.

Matokeo yake yakawa Mkutano wa Meza ya Duara wa Cape Town, ulioanza Disemba 1926 na kumalizika Januari 1927. Ujumbe wa India uliongozwa na Sir Muhammad Habibullah, na Sastri alikuwa mmoja wa wajumbe wake. Makubaliano yalitangazwa Februari 21, 1927. Afrika Kusini iliuondoa ule muswada, na ikakubali wajibu wa kuwainua Wahindi watakaobaki. India, kwa upande wake, ilikubali mpango wa kuwarudisha kwao Wahindi "kwa hiari": kila mtu mzima atakayeondoka apewe nauli na pauni 20, na kila mtoto pauni 10, na anayekaa nje zaidi ya miaka mitatu apoteze haki ya kurudi. Kisha kikaja kipengele kidogo ambacho huenda wengi hawakukitilia maanani: Afrika Kusini iliiomba India iteue Wakala wa kudumu.

Kwa nini aitwe Wakala na si Balozi? Sababu ni kwamba India na Afrika Kusini zote zilikuwa chini ya Mfalme mmoja wa Uingereza, na kwa taratibu za zama hizo mfalme hawezi kujipelekea balozi mwenyewe. Isitoshe, India haikuwa na wizara ya mambo ya nje ya kuwashughulikia raia wake waliokuwa ng'ambo. Kazi hiyo ilikuwa chini ya Idara ya Elimu, Afya na Ardhi. Naam, msikilizaji, mwakilishi wa watu 160,000 alipeleka ripoti zake katika ofisi iliyoshughulikia pia shule na zahanati.

Hapo ndipo barua zilipoanza. Cheo kilikuwa kipya, hakikuwa na kanuni wala desturi, na kila aliyehusika alielewa kuwa mtu wa kwanza kukikalia ndiye atakayekipa sura. C. F. Andrews, mchungaji Mwingereza na rafiki mkubwa wa Gandhi aliyekuwa Afrika Kusini wakati huo, alimtaka Sastri. Lord Irwin, mwakilishi wa Mfalme nchini India, naye alimtaka Sastri. Gandhi aliandika katika gazeti lake la Young India kwamba hakuna anayefaa zaidi. Asiyetaka alikuwa Sastri mwenyewe.

Alikuwa na sababu. Alikuwa na umri wa miaka 57, moyo wake ulikuwa unamsumbua, na alikuwa akiiongoza Jumuiya ya Watumishi wa India tangu kufariki mwanzilishi wake, Gopal Krishna Gokhale, mwaka 1915. Aidha, alikuwa na kumbukumbu chungu. Katika mkutano wa viongozi wa Dola ya Uingereza mjini London mwaka 1921, Sastri alipigania azimio la kuwatambua Wahindi kuwa raia sawa katika makoloni, na ni Smuts peke yake aliyekataa. Mwaka uliofuata Sastri alizuru Australia, New Zealand na Canada kulitetea azimio hilo. Afrika Kusini haikumkaribisha.

Gandhi alimsihi kwa barua akiwa yeye mwenyewe mgonjwa. Alikuwa ameanguka kwa maradhi mwezi Machi 1927, na madaktari wakamwamuru apumzike katika vilima vya Nandi huko Mysore. Kinachovutia katika barua za wawili hao ni kwamba kisiasa hawakukubaliana. Sastri alikuwa mtu wa mageuzi ya taratibu, aliyepinga kampeni ya Gandhi ya kutoshirikiana na serikali mwanzoni mwa miaka ya 1920. Lakini Gandhi aliijua Durban kwa miaka 21, na alijua kwamba Wazungu wa Natal wasingemsikiliza mtu wanayemwona mchochezi. Alihitajika mtu ambaye Kiingereza chake kingewanyamazisha na adabu yake kuwaondolea visingizio. Ukizisoma barua hizo leo, unaona jinsi mpinzani alivyomchagua mpinzani mwenzake kwa kazi ambayo yeye mwenyewe asingeiweza. Sastri akakubali, kwa muda mfupi tu, na mwezi Juni 1927 akawasili Afrika Kusini. Gandhi akawaandikia Wahindi wa huko kuwataka wamuunge mkono kikamilifu.

Ofisi yake ilihamahama. Bunge lilipokaa alikuwa Cape Town, wizara zilikuwa Pretoria, lakini watu wake walikuwa Durban. Katika mtaa wa Grey, ambao siku hizi unaitwa mtaa wa Dr Yusuf Dadoo, palikuwa na misikiti, maduka na ofisi za vyama. Katika kambi za wafanyakazi wa manispaa palikuwa na familia zilizobanana kwenye vyumba vya giza. Sastri alihutubia kumbi zilizojaa Wazungu waliokuja kwanza kwa udadisi, kisha kwa kuvutiwa na ufasaha wake. Milango iliyofungwa kwa kila Mhindi ilifunguliwa kwake kwa sababu ya cheo. Hilo lilikuwa heshima na dharau kwa wakati mmoja, na si kila mahali heshima hiyo ilimlinda: mwaka 1928, katika mji wa Klerksdorp huko Transvaal, genge lililoongozwa na naibu meya liliuvunja mkutano wake.

Aliyoyapata Wakala huyu si ya kubezwa. Muswada wa sheria ya vileo ulikuwa na kipengele kilichotishia kuwaondoa Wahindi katika kazi ya uhudumu wa hotelini, kazi iliyolisha nyumba nyingi za Durban; Sastri alizungumza na wahusika mmoja mmoja, na kipengele hicho kikaondolewa. Alisimamia pia mpango wa kuwasamehe Wahindi walioingia nchini bila vibali halali. Lakini jambo alilolipigania kuliko yote ni elimu. Tume ya uchunguzi ya Natal iliundwa, na India ikawapeleka wataalamu wawili, K. P. Kichlu na Bi. C. W. Gordon, kuisaidia. Ikadhihirika kuwa watoto wengi wa Kihindi hawakuwa na shule, na kwamba fedha za ruzuku zilizotolewa na serikali kuu kwa ajili yao hazikuwa zikitumika zote kwa elimu yao.

Sastri akawageukia matajiri wa mtaa wa Grey. Aliwataka wachange fedha za kujenga shule ya sekondari na chuo cha ualimu, kisha wakikabidhi kwa serikali ya jimbo ili isiwe na kisingizio cha kutokiendesha. Walichanga. Jiwe la msingi la Sastri College liliwekwa Agosti 1928, na chuo kikafunguliwa Oktoba 1929, wakati mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Kuanzia mwaka 1936, Mabel Palmer aliyatumia madarasa hayohayo kuwafundisha masomo ya chuo kikuu wanafunzi wa Kihindi na Waafrika, ambao chuo kikuu cha Natal hakikuwaruhusu kukaa pamoja na Wazungu. Kwa mtazamo wetu, hilo ndilo tunda kubwa kuliko yote ya uteuzi ule, na halikuwa limetajwa katika barua hata moja.

Hata hivyo, bei ililipwa. Wakala alikuja chini ya makubaliano yaleyale yaliyowataka Wahindi waondoke, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kuhakikisha mpango huo unatekelezwa bila mizengwe. Maelfu walichukua zile pauni 20 katika miaka ya mwanzo. Mwaka 1931 Bhawani Dayal Sannyasi, mwanaharakati mzaliwa wa Johannesburg, alitoa ripoti iliyoeleza namna warejeaji walivyoteseka India. Wengine walikuwa wamekwama huko Matiaburz, kando ya bandari ya Calcutta, wakingojea meli ya kuwarudisha makoloni. Vijiji viliwakataa kwa sababu ya tabaka, lugha na mazoea. Watoto wao hawakuijua India. Ulipofanyika mkutano wa pili wa Cape Town mwaka 1932, pande zote mbili zilikiri kuwa mpango umefikia ukingoni, kwa kuwa takriban asilimia 80 ya Wahindi wa Afrika Kusini walikuwa wamezaliwa hukohuko. Unamrudisha vipi mtu mahali ambapo hajawahi kufika?

Na Waafrika je? Turudi kwa John Dube. Mwaka 1912 alichaguliwa kuwa rais wa kwanza wa chama ambacho baadaye kiliitwa African National Congress. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913 ilipowanyang'anya Waafrika haki ya kununua ardhi katika sehemu kubwa mno ya nchi, aliongoza ujumbe kwenda London mwaka 1914. Aliambiwa kuwa hilo ni suala la serikali ya Afrika Kusini. Mzulu wa Inanda hakuwa na Delhi ya kumwandikia simu. Sastri, aliyefanya kazi mwendo mfupi kutoka Ohlange, hakutumwa kumsemea Dube, na hakumsemea. Hatuna budi kusema kwamba hapo ndipo palipokuwa na udhaifu mkubwa wa cheo kile: kilijengwa juu ya dhana kwamba Mhindi wa Durban anaweza kuokolewa peke yake.

Waliomfuata Sastri tuwapitie kwa haraka. Kurma Venkata Reddi alikaa hadi 1932, kisha Kunwar Maharaj Singh hadi 1935, ambaye wakati wake jamii ya Wahindi wa Natal iligawanyika vibaya kuhusu kushirikiana au kutoshirikiana na kamati iliyochunguza uwezekano wa kuwahamishia nchi nyingine. Akafuata Syed Raza Ali, Mwislamu, aliyemwoa mwaka 1936 binti wa familia ya Kihindu ya Kimberley. Viongozi kadhaa wa Kihindu wakajiuzulu kwa hasira katika vyama vya kisiasa, na kwa miezi mingi ndoa ya Wakala ikazungumzwa kuliko sheria za ardhi. Hivyo ndivyo inavyokuwa pale uwakilishi wa watu wote unapobebwa na mtu mmoja. Benegal Rama Rau akashika nafasi mwaka 1938, na mwaka 1941 cheo kikapandishwa na kuitwa Kamishna Mkuu. Jina lilikua, nguvu hazikuongezeka. Mwaka 1943 ilipitishwa sheria ya kuzuia Wahindi kununua mali kwa Wazungu wa Durban, na Kamishna Mkuu Shafaat Ahmad Khan hakuweza kuizuia.

Vijana wakachoka. Oktoba 1945, Dakta Monty Naicker na wenzake waliuchukua uongozi wa Natal Indian Congress kutoka kwa wazee waliozoea kwenda kuongea na mawaziri wakifuatana na mwakilishi wa India. Serikali ya Smuts ilipopitisha sheria ya umiliki wa ardhi ya Waasia mwaka 1946, ambayo Wahindi waliiita Sheria ya Geto, vijana hao walipiga mahema mnamo Juni 13 katika kiwanja kilichopo kwenye makutano ya mitaa ya Gale na Umbilo mjini Durban, wakingoja kukamatwa. India ilikata biashara yake na Afrika Kusini, ikamwita nyumbani Kamishna Mkuu wake R. M. Deshmukh, na kupeleka shauri Umoja wa Mataifa. Vijaya Lakshmi Pandit aliliwasilisha, na Disemba 8, 1946 Baraza Kuu likaunga mkono azimio la India kwa thuluthi mbili ya kura.

Dube alifariki Februari 11 mwaka huohuo. Sastri akafariki Aprili 17, miezi michache baada ya Gandhi kwenda kumtazama kitandani huko Madras. Mwezi Machi 1947, Dakta Naicker, Dakta Yusuf Dadoo na Dakta A. B. Xuma, rais wa African National Congress, walitia saini mapatano ya kushirikiana, ambayo yanajulikana kama Mapatano ya Madaktari.

Wasikilizaji wetu wa Afrika Mashariki nao wana sehemu yao katika kisa hiki. Mwaka 1929, Sastri alitumwa Kenya kuwasaidia Wahindi kuwasilisha hoja zao wakati Uingereza ilipokuwa ikijadili mustakbali wa makoloni ya eneo hilo. Mwaka 1934 afisa mwingine, K. P. S. Menon, alitumwa Zanzibar kuchunguza sheria za biashara ya karafuu. Mwakilishi wa kudumu hakuwekwa Nairobi mpaka mwaka 1948, baada ya uhuru wa India. Huyo alikuwa Apa Pant, na mwenendo wake ulitofautiana kabisa na ule wa Durban: alifanya urafiki na Jomo Kenyatta na viongozi wengine wa Kiafrika, na akasaidia kuwatafutia vijana wa Kiafrika nafasi za masomo India. Walowezi na serikali ya koloni walimlalamikia London kwa barua nyingi, na mwaka 1954 India ikamhamisha.

Uhusiano wa kidiplomasia kati ya India na Afrika Kusini ulirejeshwa Novemba 1993. India ina ubalozi mdogo mjini Durban hivi leo, na jina la Sastri limebaki kwenye shule aliyowaomba wafanyabiashara wa mtaa wa Grey waijenge.